Gusangira na Kikoa: Chakula, Wasafiri na Lugha Mjini Gisenyi

Historia ya Rwanda imeandikwa kwa majina ya wafalme, maofisa wa kikoloni na wamisionari. Sahani haikupata nafasi humo. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili anayesikiliza mazungumzo ya Wanyarwanda wakati wa chakula hawezi kukosa kutambua kwamba vyombo vilivyo mbele yao karibu vyote vina majina anayoyajua. Sahani ni isahani, kikombe ni igikombe, kijiko ni ikiyiko, sufuria ni isafuriya, na meza yenyewe ni ameza. Chai ni icyayi, sukari ni isukari, mkate ni umugati, mchele ni umuceri. Lakini mwalimu huyo akigeuka kutazama mtungi wa pombe, hali hubadilika ghafula. Pombe ya ndizi ni urwagwa, pombe ya mtama ni ikigage, mrija wa kunywea ni umuheha. Hapo hakuna hata neno moja lililoazimwa kwetu.

Twadai katika makala haya kwamba tofauti hiyo si jambo la nasibu. Maneno ni mashahidi wa historia, na ushahidi wa maneno haya ni kwamba wasafiri wa Kiswahili walipofika katika nchi ile waliwakuta wenyeji wana namna yao kamili ya kunywa pamoja, wala hawakuwa na la kuwafundisha. Walichokuja nacho wao ni namna nyingine ya kula pamoja, nje, mbele ya watu, rafiki na mpita njia. Mahali pazuri pa kuyachunguza mambo haya ni mji wa Gisenyi, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ukipakana ukuta kwa ukuta na mji wa Goma wa Kongo. Tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 mji huo umo katika wilaya ya Rubavu, na wengi siku hizi huutaja kwa jina la wilaya. Sisi tutaendelea kuuita Gisenyi, kwa sababu ndilo jina lililomo katika habari tunazozisimulia.

Na tuanze na wenyeji. Katika desturi ya zamani ya Rwanda, mtu mzima mwenye heshima zake hakuonekana akitafuna hadharani. Chakula kililiwa ndani, na katika nyumba za wakubwa kililiwa faraghani hasa. Kula njiani au sokoni kulikuwa jambo la watoto na la watu wasio na adabu. Urafiki ulionyeshwa kwa kinywaji. Mwenyeji alileta mtungi, akaonja yeye kwanza ili mgeni aone kwamba hamna ubaya, kisha mrija ukapita kutoka mkono hadi mkono. Siku hizi wakuu wa afya wameukataza mrija mmoja kwa watu wengi, na wana sababu zao, lakini maana ya tendo lile haijasahauliwa. Kinyarwanda kina kitenzi kimoja kinachoibeba, nacho ni gusangira, yaani kula au kunywa pamoja na mwenzio. Ubora wa kitenzi hicho ni kwamba hakitenganishi kinywaji na chakula. Kinachotazamwa ni ule wenzi, si kilichomo chomboni.

Upande wa pili walikuwako watu wa pwani na watu wa misafara. Tusidhani kwamba wote walikuwa Waswahili wa Bagamoyo au Pangani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, lakini lugha ya njiani ilikuwa Kiswahili na desturi za njiani zilikuwa mchanganyiko wa pwani na bara. Msafara mkubwa haukupika chungu kimoja. Watu waligawanyika katika makambi madogo madogo, kila kambi ikiwa na sufuria yake na moto wake. Posho ilipimwa kwa kibaba, na kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Kibaba cha mtu mmoja hakikupikika peke yake kwa faida: kuni zingepotea, na mtu aliyechoka kwa mzigo hana nguvu ya kupika kila jioni. Basi watu walipika kwa zamu na kula pamoja.

Lugha yetu ina jina la jambo hili, ingawa vijana wengi hawalijui tena. Jina hilo ni kikoa. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo chakula kikitolewa na huyu, kesho na yule. Ndugu yake ni kula bia, yaani kila mmoja kutoa sehemu yake ya gharama. (Walimu wenzetu wawe tayari kwa kicheko cha darasa wanapolifundisha neno la pili.) Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin na ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaona mambo ya safari kuwa sehemu ya utamaduni wa kuandikwa sawa na arusi na mazishi. Sisi tulio walimu baada yake tumeyaacha mno.

Mikondo hii miwili ilichelewa kukutana. Mfalme Rwabugiri hakuwapa wafanyabiashara wa pwani nafasi ya kutawanyika nchini mwake kama walivyotawanyika Unyamwezi au Manyema. Msafara mkubwa ulioikata Rwanda kutoka mashariki hadi magharibi ulikuwa ule wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wakati wa Vita vya Maji Maji. Aliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, akavuka mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo mwezi Mei 1894, akakutana na Rwabugiri, na mwezi Juni akafika Ziwa Kivu. Vitabu humsifu yeye kwa kufika. Lakini waliofika walikuwa mamia, na yule bwana hakuibeba sufuria hata moja.

Baada yao walikuja askari, makarani na wenye maduka. Wamisionari Wakatoliki walianzisha kituo cha Nyundo, si mbali na Gisenyi, mwaka 1901. Wajerumani waliweka kituo chao ufukoni, wakakiandika Kissenyi, na utawala wao ulitumia Kiswahili kama ulivyokitumia Tabora na Dar es Salaam. Mwaka 1910 mkataba uliofanywa Brussels uliweka mpaka: Gisenyi kwa Wajerumani, Goma na kisiwa cha Ijwi kwa Wabelgiji. Kwa hiyo watu wa ziwa moja, waliooana na kuuziana mbuzi na maharage tangu zamani, wakajikuta wageni wao kwa wao kwa amri ya mezani. Kuanzia hapo kutembelea rafiki kukawa safari ya nchi za nje, hata kama ni mwendo wa kuvuta sigara moja.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika ziwani mapema. Wajerumani waliteka Ijwi mwaka 1914. Wabelgiji wakaingia Rwanda mwaka 1916. Majeshi yote mawili yalikula, na yalikula cha wenyeji. Mashamba yalitelekezwa, vyakula vikachukuliwa, watu wakachukuliwa kuwa wapagazi, na njaa iliyofuata kati ya mwaka 1916 na 1918 iliikumba vibaya hasa nchi ya kaskazini-magharibi. Wanyarwanda waliipa njaa hiyo jina lake, Rumanura. Haifai kuandika habari za karamu za Gisenyi bila kuitaja. Sahani na sufuria tulizozisifu hapo juu ziliingia katika nchi ile pamoja na msafara uleule uliokomba maghala, na mzee aliyejifunza neno posho pengine alijifunza siku aliyonyang'anywa yake.

Chini ya Wabelgiji Waswahili walitengwa katika mitaa yao mijini, na Kiswahili kikahesabiwa kuwa lugha ya Waislamu, ya madereva na ya soko. Shule na kanisa zilikwenda na Kinyarwanda na Kifaransa. Wengine hulisikitikia jambo hilo. Sisi twaona lilikuwa na upande wa pili: lugha iliyofungiwa mlango wa darasani ilibaki kibandani, kwenye mandazi na chai ya asubuhi, na humo ikaendelea kualika watu. Aliyetaka kula na mtu asiyemjua alihitaji kusema karibu.

Sasa tufike kwa samaki, maana hakuna mgeni wa Gisenyi asiyewekewa sambaza. Ni samaki wadogo, warefu wa kidole, hukaangwa wakakauka na kuliwa wazimawazima kwa ndimu na pilipili. Wageni hudhani ni chakula cha kale cha ziwa lile. Sivyo. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa jamii hiyo katika maji yake ya katikati. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika utawala wa Kibelgiji, vifaranga vya samaki wa Ziwa Tanganyika vilichukuliwa na kumwagwa Kivu. Walikuwa wa aina mbili, zile zile mbili zinazofanya dagaa wa Kigoma. Aina moja ilishindwa, ya pili, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ikashamiri. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kigoma, ukila sambaza Gisenyi unakula na jamaa aliyehama. Miaka mingi ilipita kabla hawajavuliwa kwa wingi, hata mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulipofanya kazi Gisenyi kuanzia mwaka 1979. Leo huvuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwashwa juu ya maji na wavuvi wakiimba kasia kwa kasia. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane. Jina lao lina sauti ya kitenzi chetu cha kutawanya, na kweli wametawanyika, maana wanaliwa Goma, Bukavu, Kibuye na Kigali.

Bia nayo ina kisa chake. Kiwanda cha Bralirwa kilijengwa Gisenyi mwaka 1957, na tangu mwaka 1963 kilipata kuchemsha kwa gesi ya methani iliyotolewa chini ya ziwa hilohilo, mahali paitwapo Rubona. Mtungi wa urwagwa ukapata mshindani wa chupa, na chupa haina mrija wa kupokezana. Hatuna zaidi la kusema juu yake.

Baada ya uhuru, mji huu wa mpakani ulipewa heshima ya kisiasa: tarehe 20 Septemba 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia sahihi hapo mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawa Gisenyi. Wananchi wa kawaida waliifahamu Jumuiya kwa karatasi ya kuvukia mpaka. Mama muuza nyanya alivuka asubuhi akarudi jioni, na hata katika miaka ya karibuni, kabla ya maradhi ya korona kuufunga mpaka mwaka 2020, kizuizi kidogo cha kati ya Gisenyi na Goma kilipitwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku.

Hapa twafika mahali pagumu. Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu waliokula pamoja hawadhuriani. Gisenyi hairuhusu maneno hayo. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, majirani waliokuwa wakipokezana mtungi na sahani waliuawa na majirani zao, na makaburi ya mahali paitwapo Commune Rouge, mjini humo humo, ni ushahidi. Mwezi Julai mwaka huo, katika siku chache tu, watu wapatao laki nane walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma, wauaji wakiwa wamechanganyika na wasio na hatia, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu juu ya mawe ya volkano. Kikoa hakikuwa kinga. Ni desturi, na desturi huwa na nguvu kadiri watu wanavyoishika. Wakiiacha, haisimami yenyewe.

Lakini ukweli ni pamoja na yale yaliyofuata. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto wa mawe ukapita katikati ya Goma, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbilia Gisenyi, yaani wakarudi njia ileile ya mwaka 1994 kwa upande wa pili. Walipokewa majumbani, makanisani na misikitini, na baada ya siku chache wengi wakarudi kwao. Mwezi Mei 2021 mlima ulipasuka tena na watu wakavuka tena. Tulipowauliza wenyeji juu ya usiku huo, hawakutueleza kwanza juu ya moto. Walitueleza juu ya masufuria.

Tulikuwa huko mwezi Juni 2023, walimu watatu kutoka Mwanza, wakati wa likizo. Mwenyeji wetu ni mwalimu mwenzetu tuliyesoma naye stashahada Tanzania. Alizaliwa Karagwe katika familia ya wakimbizi, kisha akaenda kufundisha katika nchi ya wazazi wake. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na minane. Tulivuka Kagera hapo hapo Rusumo, tukiwa na mchele wa Shinyanga kwenye gunia dogo, kwa kuwa mgeni wa Kisukuma haingii mikono mitupu. Mwalimu wa Goma tuliyefahamiana naye katika mikutano ya lugha alivuka asubuhi na chungu cha sombe, ambayo ni kisamvu chetu, iliyopikwa kwa mawese. Mwenyeji alitoa viazi na maharage. Sambaza tulinunua pamoja ufukoni, na hapo ulitokea ugomvi mtamu wa nani alipe, mpaka tukakumbuka kula bia.

Ilitubidi kula mapema. Siku hizo upande wa Kongo ulikuwa ukifunga mpaka saa tisa alasiri, na mtu wa Goma alikuwa na jicho moja kwenye sahani, moja kwenye saa. Alituambia, "Tukule, wenzangu, saa zinaenda." Mmoja wetu alianza kutabasamu, maana kwetu ni "tule", na kalamu nyekundu ya mwalimu haina likizo. Lakini Kiswahili cha Kongo kimelisema hivyo kwa vizazi, na aliyekuwa akialikwa ni sisi. Tulikula.

Mama mkwe wa mwenyeji wetu, ajuza wa miaka zaidi ya themanini, hakukaa nasi barazani. Alikula chumbani kwake. Tulidhani ameudhika, mkwewe akatufafanulia kwamba ndivyo alivyolelewa: kumtazama mtu mzima akitafuna ni kumvunjia heshima. Tulipomaliza alitoka mwenyewe, amebeba chupa ya urwagwa na bilauri moja, akaonja, akampa mgeni wa kwanza. Tukamwuliza Kinyarwanda husemaje juu ya jambo tulilolifanya barazani na juu ya hili analolifanya yeye. Alishangaa kwamba walimu wa lugha wanahitaji maneno mawili. Yote ni gusangira, alisema. Mwenzetu wa Goma alikuwa amekwisha simama kufuata mpaka, na hakuonja zaidi ya funda moja.

Mwezi Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23 baada ya mapigano makali, na makombora yaliyovuka mpaka yaliua watu Rubavu. Siku zile hatukuwa na habari za mwenzetu. Kisha simu ikaja kutoka Gisenyi: amevuka na wanawe na watoto wa dada yake, wote wamo katika nyumba ile ile, sahani hazitoshi, wanakula kwa zamu. Alisema zamu. Hakujua kwamba ametamka maana halisi ya kikoa kama ilivyoelezwa katika kamusi za zamani, na sisi hatukuwa na moyo wa kumwambia wakati ule.

Kwa upande wa shule, Bunge la Rwanda lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, miaka 10 baada ya nchi hiyo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo nayo ikaingia mwaka 2022. Walimu wa Rubavu tulioongea nao walilalamika kwamba vitabu wanavyopewa huanza na ofisi, uwanja wa ndege na benki, mahali ambapo mtoto wa Gisenyi hajapata kuingia. Twaafikiana nao kabisa. Mtoto yule huja darasani akiwa tayari na sahani, kikombe, kijiko, sufuria, chai, sukari, mchele, mandazi na soko. Bibi yake alivipokea vyote hivyo bila mwalimu. Kazi iliyobaki ni kumvua viambishi i- na igi-, kumwonyesha kwamba sahani zetu husafishwa lakini vikombe vyetu husafishwa kwa upatanisho mwingine, na kumpa neno kikoa mapema, kabla ya benki, kwa kuwa kitendo chenyewe anakijua.